Timu "Imefungwa"? Kitenzi -funga na Usimulizi wa Msimu wa Mpira wa Kikapu Mavivi

Utangulizi

Tuchukue sentensi fupi: "Timu ya Lubumbashi imefungwa Kairo." Msomaji aliyezoea kurasa za michezo za Dar es Salaam au Nairobi anaelewa bila kusita kwamba timu hiyo imecheza Kairo na kushindwa. Msikilizaji wa Mavivi, kaskazini mwa mji wa Beni katika barabara ya kwenda Oicha, anaweza kuuliza: imefungwa na nani, kwa kosa gani, na itafunguliwa lini? Wote wawili wanajua Kiswahili. Wote wawili wametumia kanuni za kawaida za lugha kufikia maana. Wanachotofautiana ni maana ipi ya -funga inayotangulia kuja akilini.

Makala hii inachunguza tofauti hiyo kwa kutumia mfano mmoja, yaani msimu wa 2022 wa Basketball Africa League (BAL), ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu barani Afrika. Hoja yangu ni kwamba kitenzi -funga, ambacho kimelihudumia soka kwa muda mrefu, hakitoshi kusimulia msimu wa kikapu, na kwamba Kiswahili kinachosemwa Mavivi tayari kina vitenzi vinavyoufaa mchezo huu zaidi. Jambo hili linamhusu mwandishi wa michezo, lakini linamhusu pia mwalimu anayesahihisha insha za wanafunzi wa Beni na Butembo, na mtangazaji wa redio anayesoma habari za michezo mara tu baada ya habari za usalama.

Nimechagua mpira wa kikapu kwa sababu vijana wa Kivu ya Kaskazini wanaufuatilia kwa karibu. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002, alichaguliwa wa 7 katika uteuzi wa NBA wa 2021, na mwaka uliofuata akawa bingwa pamoja na Golden State Warriors. Kabla yake alikuwapo Bismack Biyombo wa Lubumbashi, na kabla yao wote Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024. Wanaisimu tuna haki ya kumkumbuka Mutombo kwa sababu nyingine tena: shahada yake kutoka chuo kikuu cha Georgetown, mwaka 1991, ilikuwa ya isimu na diplomasia.

1. Msimu wenyewe kwa ufupi

BAL ilianza Mei 2021 mjini Kigali, baada ya msimu uliokusudiwa kuanza 2020 kuahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19. Zamalek ya Misri iliibuka bingwa wa kwanza. Msimu wa pili, wa 2022, ulipanuliwa. Timu 12 ziligawanywa katika kanda mbili. Kanda ya Sahara ilicheza Dakar mwezi Machi, na kanda ya Nile ilicheza Kairo kuanzia tarehe 9 hadi 19 Aprili. Katika kila kanda timu 6 zilikutana zote kwa zote, kila timu michezo 5, jumla michezo 15 kwa kanda. Timu 4 za juu za kila kanda zilikwenda Kigali mwezi Mei kucheza robo fainali, nusu fainali, mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu na fainali. Ukijumlisha yote unapata michezo 38.

Kanda ya Nile ilikuwa na Zamalek, Petro de Luanda ya Angola, Cape Town Tigers ya Afrika Kusini, FAP ya Kameruni, Cobra Sport ya Sudan Kusini, na Espoir Fukash ya Lubumbashi. Hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu: timu ya Kongo, tena kutoka mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na mitaani. Espoir Fukash na Cobra Sport hazikuvuka kwenda Kigali. Huko Kigali, tarehe 28 Mei, US Monastir ya Tunisia ilichukua ubingwa mbele ya Petro de Luanda kwa pointi 83 kwa 72.

Kuna sadfa moja ya kalenda inayofaa kutajwa. Tarehe 8 Aprili 2022, siku moja kabla ya michezo ya Kairo kuanza, nchi yetu ilitia saini jijini Nairobi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo swali la Kiswahili chetu na Kiswahili cha majirani limeacha kuwa swali la darasani peke yake. Tunasoma magazeti yao nao wanasikiliza redio zetu, na kitenzi kimoja kinaweza kuvuka mpaka kikiwa na maana mbili.

2. Matawi ya -funga

Mzizi -fung- ni miongoni mwa mizizi yenye matawi mengi katika Kiswahili. Tunafunga mlango, mzigo, kamba, duka, mkutano na shule. Mwislamu anafunga mwezi wa Ramadhani. Polisi wanamfunga mwizi. Soka nalo limejichukulia sehemu yake: mchezaji anafunga bao, na timu inaifunga timu nyingine.

Kinachovutia ni jinsi soka lilivyotumia karibu unyambulishaji wote wa mzizi huu:

(a) Kutenda: Mshambuliaji amefunga bao.
(b) Kutendwa: Timu yetu imefungwa mabao mawili.
(c) Kutendewa: Mchezaji amefungiwa michezo mitatu. (Amezuiwa kucheza kwa adhabu.)
(d) Kutendana: Timu zimefungana bao moja kwa moja. (Sare.)
(e) Kutendesha: Kipa ametufungisha. (Amesababisha tufungwe.)
(f) Kutendua: Timu mbili zimefungua pazia la ligi. (Zimecheza mchezo wa kwanza.)

Mwalimu wa mofolojia hawezi kupata mfano mzuri zaidi wa tija ya viambishi vya Kiswahili. Lakini tazama (b) na (c). Tofauti kati ya kushindwa mchezo na kuadhibiwa kwa kuzuiwa kucheza inabebwa na irabu moja tu: fungwa, fungiwa. Kwa msomaji mwenye karatasi mkononi hilo si tatizo. Kwa anayesikiliza redio ndogo pembezoni mwa barabara yenye malori, irabu hiyo hupotea kwa urahisi.

Ongeza matumizi ya jumla ya "kufunga msimu", yaani kuumaliza, na utaona mzigo ambao kitenzi hiki kimoja kinatwishwa. Hapa chini nimeandika muhtasari wa msimu wa 2022 kwa mtindo wa habari za soka:

Muhtasari wa kwanza: "Msimu wa pili wa BAL umefungwa Kigali. Katika fainali, US Monastir iliifunga Petro de Luanda 83–72. Espoir Fukash haikufika huko kwa sababu ilifungwa Kairo."

Kisarufi hakuna kosa. Lakini katika sentensi tatu -funga kimetumika mara tatu kwa maana mbili, na msikilizaji anaachiwa kazi ya kuzitenganisha.

3. Masikio ya Mavivi

Niliusoma muhtasari huo kwa sauti mbele ya vijana kadhaa wanaocheza mpira huu Mavivi, nikawaomba wanieleze walichoelewa. Sentensi ya pili haikuwapa shida, kwa sababu tarakimu 83 na 72 ziliwaonyesha njia. Ya tatu ndiyo iliyowasimamisha. Mmoja aliuliza: "Balifunga ekipe juu ya nini?" Kwa Kiswahili sanifu: kwa nini waliifunga timu? Alikuwa ameelewa kwamba kuna mamlaka iliyoisimamisha timu isicheze.

Swali hilo linastahili kuchambuliwa kwa sababu linatuonyesha mambo mawili.

Kwanza, kijana hakurudia kauli ya kutendwa niliyoitumia. Aliibadilisha kuwa kauli ya kutenda yenye kiambishi ba-, "balifunga", bila kumtaja mtendaji. Huu ni muundo unaosikika sana katika Kiswahili chetu: mahali ambapo Kiswahili sanifu kinasema "nimeitwa", wengi wetu tunasema kwamba wameniita, hata kama hatujui ni nani aliyeita. Ba- hiyo inasaidiwa pia na Kinande, lugha ya nyumbani ya wakazi wengi wa Beni na Butembo, ambayo ngeli yake ya watu kwa wingi ni ba-: omundu, abandu. Matokeo yake ni haya: "timu imefungwa" inapopita katika sarufi ya Mavivi inazaa "watu fulani waliifunga timu", na palipo na watu wanaofunga kitu bila kutajwa majina, akili huenda kwa mamlaka. Haiendi kwa wapinzani uwanjani.

Pili, maana ya "kuzuia, kukatiza" imekaa karibu sana na maisha ya hapa. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewazoesha watu kusikiliza kwa makini kila tangazo lenye neno hili: barabara imefungwa, soko limefungwa, shule zimefungwa. Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Uwanja wa ndege wa Beni uko Mavivi. Mtu wa hapa akisema "kiwanja" bila kuongeza neno, mara nyingi anamaanisha hicho. "Kiwanja kimefungwa" ni habari inayomgusa mgonjwa anayesubiri kusafirishwa na mfanyabiashara mwenye mzigo wake. Haina uhusiano wowote na mchezo.

Kwa hiyo mtangazaji anayesema "Mavivi imefungwa" akimaanisha kwamba timu ya vijana wa Mavivi imeshindwa Oicha, ametumia Kiswahili kinachokubalika katika vyombo vingi vya habari, na wakati huohuo amewapa hofu watu waliowasha redio katikati ya habari. Pragmatiki inatufundisha kwamba msikilizaji huchagua maana inayomhusu zaidi kwa wakati ule. Hapa maana inayomhusu zaidi ni ya usalama.

4. Mchezo ambao haufungi kitu

Hata tukiiacha Mavivi kando, je, -funga kinaufaa mpira wa kikapu? Nadhani hakiufai sana, na sababu iko katika mchezo wenyewe.

James Naismith alipoubuni mchezo huu Desemba 1891 huko Springfield, Marekani, alitundika vikapu vya kubebea matunda. Vilikuwa na kitako, na kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande kuutoa. Baadaye kitako kiliondolewa, na tangu hapo mpira unapita na mchezo unaendelea. Kiswahili sanifu kilihifadhi kumbukumbu ya chombo hicho katika jina "mpira wa kikapu". Mavivi tunasema "baskete", neno lililotufikia kwa njia ya Kifaransa, ambacho nacho kililitoa katika Kiingereza. Majina yote mawili yanarudi kwenye kikapu kilekile. Moja limetafsiriwa na jingine limekopwa.

Katika soka bao ni tukio la nadra, na moja linaweza kuamua mchezo wote. Unaweza kuhisi kwamba kuna kitu kimefungwa. Katika fainali ya Kigali timu mbili zilipata jumla ya pointi 155 ndani ya dakika 40, karibu pointi 4 kila dakika. Hakuna hata mtupo mmoja kati ya hiyo uliofunga jambo. Kilichotokea kila mara ni kwamba mpira uliingia.

Na hilo ndilo neno linalosikika Mavivi. Mpira ukipita kwenye pete, watazamaji hupaza sauti "Panye!", kutoka jina la Kifaransa la kikapu, au "Ameingiza!" Kitenzi -ingiza kina sifa tatu zinazokifanya kifae.

Kwanza, kina jozi yake -ingia. Tunaweza kusema "mpira umeingia" bila kumtaja mchezaji, na "ameingiza mpira" tunapotaka kumtaja. Msimulizi wa mchezo wenye kasi anazihitaji njia zote mbili, kwa sababu mara nyingi huona mpira umeingia kabla hajatambua mkono uliourusha.

Pili, kinanyambulika vizuri: "aliwaingizia pointi 20" inatupa mtendaji, waathirika na idadi katika kitenzi kimoja na shamirisho yake.

Tatu, kina ndugu zake wa kuonyesha namna. Mchezaji anayeruka na kuushindilia mpira ndani ya pete kwa mkono ameutumbukiza. Aliyeurusha kutoka mbali ameurusha ukaingia. Aliyesimama kwenye mstari baada ya kuchezewa rafu ameingiza mtupo huru. Soka lilihitaji -funga kimoja kwa sababu mabao ni machache. Kikapu kinahitaji familia ya vitenzi, na Kiswahili kinayo.

Kwa upande wa matokeo ya mchezo mzima, -shinda na -shindwa vinatosha. Na timu isiyovuka hatua, "imetolewa". Tukiuandika upya muhtasari wetu:

Muhtasari wa pili: "Msimu wa pili wa BAL ulimalizika Kigali. Katika fainali, US Monastir iliishinda Petro de Luanda kwa pointi 83 kwa 72. Espoir Fukash haikufika huko kwa sababu ilitolewa katika michezo ya Kairo."

Vijana walewale waliusikia mara moja na kuuelewa. Swali lao la kwanza lilikuwa la mchezo: ilitolewa ikiwa imeshinda michezo mingapi?

5. Pointi za aina mbili, na pointi ambazo hakuna aliyeziingiza

Sare ni ugumu mwingine uliorithiwa kutoka soka. Mpira wa kikapu haumalizwi kwa sare. Dakika 40 zikiisha timu zikiwa sawa, huongezwa dakika 5, na tena 5, mpaka mmoja ashinde. Kwa hiyo "zilifungana 70 kwa 70" haiwezi kuwa habari ya mwisho, ni habari ya katikati tu. Ni salama kusema "zilikuwa sawa, 70 kwa 70, zikaongezewa muda".

Neno "pointi" nalo linabeba mambo mawili. Kuna pointi za uwanjani: 1 kwa mtupo huru, 2 kwa mtupo wa kawaida, 3 kwa mtupo kutoka nje ya mstari ulio mita 6.75 kutoka kikapuni. Na kuna pointi za msimamo. Kwa kanuni za FIBA, timu inayoshinda hupewa 2 na inayoshindwa hupewa 1. Timu iliyocheza michezo 5 na kushindwa yote ina 5 katika msimamo. Mpenzi wa soka akisikia "imeshindwa michezo yote na ina pointi 5" atadhani msomaji amekosea. Napendekeza tuseme "pointi" kwa za uwanjani na "alama" kwa za msimamo. Maneno yote mawili yapo tayari katika Kiswahili na yanatumika kama visawe. Tunachofanya ni kuyagawia kazi.

Mtupo wa pointi 3 una mtego wake. Vijana husema "ameingiza ya tatu". Katika sarufi, -a tatu ni namba ya mpangilio: nyumba ya tatu, siku ya tatu. Kwa hiyo asiyeujua mchezo atadhani mchezaji ameingiza kwa mara ya tatu. "Ameingiza tatu" nayo inaweza kuwa pointi tatu au mitupo mitatu. Uwanjani macho yanatatua utata huo. Kwenye redio au karatasi, "ameingiza pointi tatu kwa mtupo mmoja" ni ndefu lakini haina shaka.

Mfano unaonivutia zaidi unatoka msimu wa 2024. Dynamo ya Burundi, ikicheza Pretoria, ilikataa kuvaa jezi yenye tangazo la utalii la Rwanda. Baada ya mchezo wa kwanza haikucheza tena, na iliondolewa kwenye mashindano. Tutumie kitenzi gani? "Ilifungwa" si kweli, kwani hakuna mpira uliorushwa. "Ilifungiwa" ingedokeza kwamba ilizuiwa kwa adhabu tangu mwanzo, na mambo hayakwenda hivyo. Kanuni za FIBA zinasema timu inayokataa kucheza hupoteza mchezo kwa 20 kwa 0, na haipati hata ile alama 1 ya msimamo. Hizo ni pointi 20 ambazo hakuna aliyeziingiza. Kiswahili kinatupa njia ya kulisema hili bila kupotosha: wapinzani "walipewa" ushindi, Dynamo "ilipoteza mchezo bila kucheza", kisha "iliondolewa". Vitenzi vitatu, kila kimoja kwa tukio lake. Katika jambo lenye siasa nzito kama hili, kitenzi kilichochaguliwa kwa uzembe kinamhukumu mtu kabla msomaji hajajua kilichotokea.

6. Nani ameshinda: i-, wa- au ba-?

Jina la timu linapatanishwaje? "Espoir Fukash ilitolewa" hufuata ngeli ya "timu", I-ZI. "Espoir Fukash walitolewa" hufuata watu waliomo. Kiswahili sanifu kinaruhusu yote mawili, kama kinavyoruhusu "refa amepuliza filimbi" ingawa neno "refa" halina kiambishi cha ngeli ya kwanza. Mavivi tunasikia "balitolewa" au "balishinda". Ba- hapa ni wa- ileile ya ngeli ya pili katika umbo la Kikongo.

Mwanafunzi anayeandika "balishinda" katika insha rasmi anapaswa kuelekezwa aandike "walishinda". Hilo halina ubishi. Lakini kuna tofauti kati ya kumwelekeza kwenye umbo sanifu la kiambishi na kumfutia kitenzi chake. Akiandika "timu yetu iliingiza pointi 60", hakuna sababu ya kalamu nyekundu kubadilisha "iliingiza" kuwa "ilifunga" kwa hoja kwamba magazeti ya Tanzania husema hivyo. Kiambishi ni suala la usanifu. Kitenzi ni suala la maana, na hapa maana ya mwanafunzi ndiyo iliyo karibu zaidi na mchezo.

7. Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza: hata -shinda kina maana mbili, kwani mtu anaweza "kushinda Kairo" kwa maana ya kukaa huko mchana kutwa. Ni kweli. Hakuna kitenzi kikongwe chenye maana moja. Lakini anayelielewa vibaya neno hilo atatabasamu tu, ilhali anayeelewa vibaya kwamba kiwanja kimefungwa anaweza kuahirisha safari. Ukubwa wa madhara ni sehemu ya kipimo.

Pingamizi la pili: mamilioni ya wasomaji wa Afrika Mashariki hutumia -funga kwa mpira wa kikapu pia, na wanaelewana. Ni kweli, na sipendekezi kwamba Dar es Salaam ibadilike. Rejesta hujengwa na wanaoitumia. Ninachosema ni kwamba anayeandika kwa ajili ya Beni ana wasikilizaji wengine, na wajibu wake wa kwanza ni kwao. Faida yake ni kwamba muhtasari wa pili unaeleweka Dar es Salaam bila shida yoyote, na wa kwanza haueleweki Mavivi bila maelezo. Kati ya njia mbili zilizo sanifu, inayovuka mpaka ndiyo bora.

Pingamizi la tatu: Kiswahili cha Tanzania hakiko mbali na Mavivi. Askari wa Tanzania wamehudumu katika eneo la Beni ndani ya brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoidhinishwa mwaka 2013, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, na baadhi ya vijana wamejifunza kwao kusema "tumewafunga". Nimewasikia. Lakini nimesikia pia kwamba wanaitumia kwa soka na kwa utani. Mpira wa kikapu ukianza wanarudi kwenye "tumebashinda" na "ameingiza". Mzungumzaji anayejua maneno yote mawili na kuyagawia kazi ni ushahidi kwamba tofauti hii inamfaa.

Hitimisho na mazoezi

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lugha ya taifa inatakiwa iweze kusimulia msimu wa ligi tangu mchezo wa kwanza hadi wa 38 bila msikilizaji kujiuliza kama timu imeshindwa au imesimamishwa. Kwa mwongozo wa kuanzia napendekeza: -ingia na -ingiza kwa mpira na mchezaji, -shinda na -shindwa kwa mchezo, -tolewa kwa hatua, -ondolewa na -fungiwa kwa maamuzi ya mamlaka, -malizika kwa msimu. -Funga kibaki kwa milango, mizigo, viwanja vya ndege, na kwa soka ambako tayari kimeota mizizi.

Kwa wenzangu wa kitivo na walimu watakaopenda kuitumia makala hii darasani:

(i) Andika upya sentensi hii kwa namna mbili zisizo na utata: "Timu ya Butembo imefungwa na Beni baada ya nahodha wake kufungiwa."

(ii) Eleza kwa nini "zilifungana" inaweza kuwa tokeo la mwisho katika soka na haiwezi katika mpira wa kikapu. Je, tofauti hiyo ni ya sarufi au ya ulimwengu unaosimuliwa?

(iii) Sikiliza habari za michezo za redio moja kwa juma moja. Orodhesha kila tokeo la -funga na ulipange katika matawi (a) hadi (f). Kisha msomee mtu asiyefuatilia michezo sentensi tatu kati ya hizo, na uandike maswali atakayokuuliza.